Damu Ni Yetu, na Maswali Yawe Yetu



Vijana wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na nyote mnaotufuata hapa. Wengi mliomba hotuba hii iwekwe kwa maandishi, basi ndiyo hii.

Leo sitaongea habari za polisi wala vitambulisho. Hizo tumeziongea sana, na tutazirudia inshallah. Leo nataka tuongee kuhusu somo ambalo ukimwambia mzee wako wataka kulisomea chuo kikuu, atakuuliza, "Hilo nalo lina kazi?" Somo lenyewe ni maadili ya bioteknolojia.

Bioteknolojia, kwa lugha rahisi, ni kutumia viumbe hai au vinasaba vyao kutengeneza kitu: chanjo, dawa, mbegu. Maadili yake ni yale maswali yanayofuata. Nani ameulizwa? Nani atafaidika? Mambo yakiharibika, nani ataumia?

Maswali haya si mageni Pwani. Tangu utotoni mwajua habari za mumiani, yule anayenyonya watu damu akaiuze. Msomi atacheka, aseme ni ushirikina. Lakini hebu sikiza swali lililo ndani ya hadithi: nani amechukua damu yangu, anaipeleka wapi, na anapata nini? Wallahi, hilo ni swali la maana. Shida ni kwamba tumekuwa tukiliuliza barazani kwa uoga, mahali ambapo mwenye jibu hayupo. Hapo Kilifi, KEMRI na Wellcome wana kituo cha utafiti tangu 1989. Watafiti wake waliukuta wasiwasi huu wa damu, na leo kuna wawakilishi wa wanakijiji wanaoketi nao kujadili utafiti. Swali la mumiani likiulizwa mezani, linakuwa swali la haki.

Niwape mfano. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto katika nchi saba za Afrika, na Kilifi ilikuwa moja ya vituo. Septemba 2019 Kenya ikaanza kuitoa kwa majaribio, uzinduzi ukafanywa Homa Bay. Sehemu nyingine zilipewa chanjo mapema, nyingine zikasubiri ili zilinganishwe. Mapema 2020 mtaalamu wa maadili kutoka Kanada, Charles Weijer, akalalamika katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza: huu ni utafiti, na wazazi hawakuombwa ridhaa inavyopaswa. Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba mama aliyearifiwa, kisha akamleta mtoto kliniki achanjwe, huyo ameridhia.

Nielewe vizuri. Sisemi chanjo ni mbaya. Oktoba 2021 shirika hilo liliipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika, na imeokoa maisha. Ninalosema ni hili: mtoto ni wa Homa Bay, mama ni wa Homa Bay, lakini mabishano kuhusu ridhaa ya mama huyo yakaandikwa London, na aliyeuliza ni profesa wa Kanada. Kwani sisi hatuna watu?

Njoo kwenye sima yako. Novemba 2012 serikali ya Kibaki ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO, muda mfupi baada ya utafiti wa Ufaransa kudai mahindi hayo yaliwapa panya uvimbe. Mwaka uliofuata, jarida lililouchapisha utafiti ule likauondoa. Marufuku ikabaki karibu miaka kumi. Oktoba 2022 baraza la mawaziri la Ruto likaiondoa, na watu wakaenda kortini wakisema wananchi hawakushirikishwa. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha mambo kwanza, rufaa isikizwe. Nafaka kutoka ng'ambo inateremshwa hapa bandarini kwetu. Je, ni wangapi kati yetu tulikuwa na hoja zaidi ya "GMO ni sumu" au "GMO haina neno"? Anayeshindwa kusoma utafiti hutegemea hisani ya aliyeusoma.

Na dini je? Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lile la Jeddah, lilitoa maamuzi kuhusu kupandikiza viungo mwaka 1988, na kuhusu kunakili binadamu mwaka 1997. Maulamaa walihitaji madaktari wawaeleze jambo lenyewe kabla ya kulitolea hukumu. Sheikh wako wa mtaani akiulizwa kuhusu chanjo yenye jelatini ya nguruwe, nani atamweleza jinsi ilivyotengenezwa? Pengine ni wewe, dadangu, uliye na alama nzuri za bayolojia.

Njia zipo. Chuo Kikuu cha Pwani kina idara ya baiokemia na bioteknolojia. Chuo Kikuu cha Moi, kwa kushirikiana na Indiana University ya Marekani, kilianzisha shahada ya uzamili ya maadili ya utafiti wa afya. Anayesoma sheria, sosholojia au sharia pia ana mlango, kwa sababu somo hili linawataka wote. Mimi nina diploma tu, lakini hata mimi nina nafasi: miongozo ya kimataifa inataka kamati za maadili ya utafiti ziwe na raia wa kawaida pia. Kiti hicho kikikosa mtu wa huku kwetu, atakikalia mwingine na kutusemea.

Wakati unangoja chuo, anza na hili. Akija mtu mtaani na fomu ya utafiti, asome kwa Kiswahili unachokielewa. Muulize: kamati gani ya maadili imeidhinisha? Sampuli yangu itawekwa wapi, kwa muda gani? Naweza kujitoa? Matokeo nitaletewa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za vinasaba vyako kuwa data nyeti, kwa hivyo una haki ya kuuliza. Mtafiti mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, usitie sahihi.

Na kama una mdogo wako yuko shuleni anapenda sayansi, usimwambie somo hili halina kazi. Kazi yake ni sisi.

Wabillahi tawfiq.