Mapigo ya Homoni na Nyasi za Ngitili



Kuna kauli iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza hapa Bariadi. Nimeisikia warshani na wanafunzi wangu wanaikariri: kwamba ng'ombe wa asili wa Usukumani ana uzazi wa polepole kwa sababu ya damu yake, na dawa yake ni mbegu bora kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Mbegu siipingi. Napinga sababu inayotolewa.

Sababu halisi iko kwenye homoni za kipeptidi za uzazi; sitazipitia zote. Nianze na GnRH, mnyororo wa amino asidi 10 tu, ambao wanasayansi Schally na Guillemin waliubaini muundo wake mwaka 1971. Hutoka kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo, na kuiamuru tezi ya pituitari itoe homoni za LH na FSH, zinazokuza na kupevusha yai. Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mtafiti Ernst Knobil na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1978. Waliharibu sehemu ya haipothalamasi ya kima aina ya rhesus ili GnRH yao wenyewe ikatike, kisha wakawapa nyingine kutoka nje. Ilipotolewa kwa dakika 6 kila saa, pituitari ilifanya kazi. Ilipomiminwa mfululizo, LH na FSH zikaporomoka. Homoni ni ileile. Kilichobadilika ni mapigo yake. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi michoro ya kazi hiyo mstari kwa mstari, na kila mwaka naistaajabia upya.

Sasa mtazameni ng'ombe wa wilaya ya Meatu aliyezaa masika yakiisha. Mimba yake huchukua takriban siku 285, hivyo ili azae kila mwaka inabidi ashike mimba ndani ya siku 80 hivi, yaani katikati ya kiangazi. Nyasi zimekwisha. Mafuta ya mwili yakipungua, leptini, homoni itokayo kwenye mafuta hayo, hushuka, na insulini nayo. Habari hiyo huzifikia seli za ubongo zinazotoa kisipeptini, ambazo ndizo huchochea seli za GnRH. Mapigo yanakuwa machache, vifuko vya mayai vinakua kisha vinasinyaa, joto, yaani dalili za kutaka dume, halionekani. Ndama anayenyonya huongeza kizuizi. Na mtafiti Gary Williams na wenzake huko Texas walionyesha kwamba mguso wa chuchu hautoshi kuleta kizuizi hicho, mama lazima amtambue ndama kuwa wake.

Kama kosa ni la damu, mbona ng'ombe yuleyule hupata joto mvua zikirudi na mbavu zikafunikwa? Na chotara wa maziwa mengi, akiwekwa kwenye malisho yaleyale makavu, nishati yake huishia kwenye kiwele mapema zaidi. Wanaosema damu hawajibu hili.

Mzee mmoja wa wilaya ya Itilima alinipeleka kwenye ngitili yake, malisho anayoyafunga masika ili ng'ombe wale kiangazi. Alisema majike wake hupandwa kabla ya wale wa jirani. Neno lake si jaribio la kisayansi, najua. Zipo pia sababu nyingine: ugonjwa wa brusela huharibu mimba, madume wazuri ni wachache, ardhi inabana. Nimeyapima hayo yote, na bado nasema ngitili ni dawa ya uzazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza kuzifufua mwaka 1986, wakati maeneo haya yakiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, ukahesabiwa mradi wa miti na udongo. Ulikuwa pia mradi wa GnRH.

Sindano ya GnRH inaweza kupevusha yai la kifuko kilichokwisha kukomaa. Haimpi ng'ombe akiba ya kuendeleza mapigo yanayofuata. Kwa hiyo nataka mtaalamu wa uhimilishaji apapase mbavu na kuuliza tarehe ya kuzaa kabla hajafungua chupa ya mbegu, na kijiji kinapokaa kugawa ardhi, ikiwemo ya ngitili, daktari wa mifugo awe na kiti kwenye kikao hicho.