Kompyuta Yetu Imekwama Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wahitimu na wanafunzi, Kigwa)



Nimetakiwa nieleze kwa nini katika kikao kilichopita nilipinga shauri la kununua kompyuta mpya kwa ajili ya filamu ya wanafunzi. Wapo waliosema nina ubahili. Naomba nijitetee.

Filamu yenyewe mnaijua. Vijana walikwenda kwa wazee wa hapa Kigwa kurekodi habari za njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo na Mgunda Mkali, ikafika Tura, Rubuga, na hapa kwetu, kabla ya kuingia Unyanyembe. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Lakini habari tunazozitaka sisi ni za waliobeba mizigo, na hizo zimo vinywani mwa vitukuu vyao.

Kurekodi kulikwenda vizuri. Taabu ilianza katika kile vijana wa vibanda vya video wanachokiita kurenda, yaani kompyuta kuunganisha vipande vyote kuwa filamu moja. Filamu ya dakika 40, yenye picha 25 kila sekunde, ni picha 60,000. Kila moja lazima ifunguliwe, itiwe rangi na maandishi, kisha ikandamizwe. Kompyuta ya shule ilichukua saa tisa, na mara mbili umeme ulikatika kabla haijamaliza.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikipiga video za arusi, nilichukua fedha ya mavuno ya tumbaku nikanunua kadi ya picha ya bei kubwa. Nilipoifunga, kompyuta ilizima kila nikianza kazi. Kumbe kisanduku chake cha umeme hakikuwa na nguvu ya kuilisha. Bwana arusi alipata video yake wiki mbili baadaye, na mke wangu hajaisahau habari hiyo hadi leo.

Sisi wa zamani tuna kisingizio kidogo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Wengi wetu tulimaliza shule bila kuona hata moja. Kwa hiyo tukiona mashine mpya tunadhani upya wenyewe ndio dawa.

Mnyampara aliyejua kazi yake, msafara ukichelewa, hakukimbilia kuajiri wapagazi wengine. Alirudi nyuma atazame ni nani aliyekaa chini. Nasi tulifanya hivyo. Wakati kompyuta inarenda, tulifungua ukurasa wake unaoonyesha jinsi kila sehemu inavyofanya kazi. Memori ilikuwa imejaa, na diski ilikuwa ikihangaika bila kupumzika. Maana yake ni kwamba kompyuta, kwa kukosa nafasi katika memori, ilikuwa ikiweka vitu diskini na kuvichukua tena, na diski ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Tuliongeza memori kutoka gigabaiti 4 hadi 16.

Jambo la pili lilikuwa vumbi. Ninyi mnaujua mwezi wa Septemba hapa kwetu. Feni ilikuwa imevaa blanketi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, wala haikuambii. Tulizima umeme, tukasafisha kwa brashi kavu, tukaondoa dawa iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupozea, tukapaka mpya. Gharama yake ni ya soda chache.

La tatu lilinishangaza hata mimi. Prosesa nyingi za Intel, tangu mwaka 2011, zina sehemu maalumu ya kukandamiza video, nayo inaitwa Quick Sync. Yetu ilikuwa nayo, imelala. Katika programu ya kuhariri tulibadilisha chaguo moja tu. Sifichi kasoro yake: kwa faili la ukubwa uleule, picha huwa hafifu kidogo, kwa hiyo tuliruhusu faili liwe kubwa zaidi.

Filamu sasa hutoka kwa muda usiofika saa mbili. Na wakati wa kuhariri, vijana hutumia nakala ndogo za picha, kisha programu hurudia zile kubwa mwishoni. Hilo halihitaji senti hata moja.

Sisemi mashine mpya haitahitajika kamwe. Tukianza kurekodi kwa 4K, prosesa hii itashindwa, nami nitakuwa wa kwanza kuchanga.

Lakini leo, Ndugu Mwenyekiti, fedha iliyobaki naomba inunue vitu viwili: betri ya UPS, ili umeme ukikatika tupate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na diski mbili za nje, moja ikae shuleni na nyingine ikae mbali na shule. Rekodi zote za wazee ziko ndani ya diski moja kuukuu. Mmoja wao tulimzika kabla ya mvua za mwaka huu, na sauti yake haina nakala nyingine.