Lebo za Redio na Mali ya Katanga: Mada kwa Semina ya Wafanyabiashara na Wachukuzi, Lubumbashi



Katika mji huu, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na ukaishi kwa shaba hata leo, sina haja ya kueleza kwa urefu kwa nini tajiri hutaka kujua mali yake imetoka wapi, ipo wapi, na mikono ya nani imeipitia. Kwani gari lishikalo njia ya Kasumbalesa, likavuka Zambia na kuelekea bandari ya Dar es Salaam au ya Durban, huwa limechukua amana ya watu wengi wasiojuana, na kila mmoja wao humtegemea mwenzake kwa karatasi. Nimeombwa niseme juu ya chombo ambacho watu wengine wanakitarajia kushika mahali pa karatasi hizo, nacho ni lebo ya redio.

Lebo hii ni chipu ndogo iliyounganishwa na antena ya shaba au alumini nyembamba kama karatasi, na zilizo nyingi hazina betri ndani yake. Mashine ya kusomea hurusha mawimbi, antena huyapokea, chipu hupata humo nguvu haba ya kuamkia, kisha huirudishia mashine tarakimu zake kwa mawimbi hayo hayo. Lebo ya mistari, tuijuayo madukani, sharti ionekane na isomwe moja moja, ilhali hii husomwa hata ikiwa ndani ya sanduku, na nyingi kwa mara moja. Asili yake si ya jana: Harry Stockman aliandika juu ya mawasiliano kwa nguvu iliyoakisiwa mwaka 1948, na hataza za mwanzo zilizotambulika, za Mario Cardullo na Charles Walton, ni za mwaka 1973, lakini biashara kubwa iliamka mwaka 2003, duka la Walmart la Marekani lilipowataka wauzaji wake wakubwa waweke lebo hizi kwenye mizigo yao.

Mawimbi yake si ya namna moja, na anayenunua bila kujua tofauti hupoteza fedha. Yale ya kilohezi 125 hadi 134 husomwa kwa karibu sana, nayo hutumika kwa wanyama na vitasa vya milango. Ya megahezi 13.56 ni ya kadi na pasipoti. Na ya megahezi 860 hadi 960 hufika mita kadhaa, kwa hiyo ndiyo yanayopendwa katika maghala.

Hapa ndipo Katanga inapokuwa na shida yake mahususi. Mawimbi haya ya masafa ya juu yana maadui wawili, chuma na maji: metali huyarudisha na kuivuruga antena iliyobandikwa juu yake, na maji huyameza. Nasi tunauza nini? Tunauza katodi za shaba, ambazo ni metali tupu iliyofungwa kwa mafungu mazito, na tunauza haidroksaidi ya kobalti, isafirishwayo katika mifuko mikubwa ikiwa bado na unyevu. Shaba ambayo, ikifanywa utando mwembamba, ndiyo antena inayoipa lebo uhai, hiyo hiyo ikiwa bamba zito huiziba sauti. Dawa ipo, kwani zipo lebo zilizotengenezwa kwa ajili ya metali, zenye tabaka la kuitenga antena na bamba lililo chini yake. Ila bei yake ni mara nyingi ya zile za kawaida, ambazo zikinunuliwa kwa wingi huwa za senti chache za dola. Basi asikubali mtu kuuziwa mtambo uliojaribiwa kwa masanduku ya nguo huko Ulaya, kabla haujajaribiwa kwa mizigo ya Likasi na Kolwezi katika masika yetu.

Nataka sasa nikae zaidi juu ya mfuko wa mchimbaji wa mikono, maana huko ndiko kuliko na maarifa yaliyopatikana kwa gharama kubwa. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya Dodd-Frank mwezi wa Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze asili ya bati, tantali, tangsteni na dhahabu, wanunuzi wengi waliukimbia mkoa wetu na jirani zake. Mpango wa ITSCI ulioanza kazi Katanga mwaka 2011 ulirudisha soko la bati na koltani kwa njia nyepesi: lebo ya plastiki yenye nambari na mistari hufungwa mfukoni penye machimbo, mtumishi wa serikali huandika uzito na nambari daftarini, na mfuko ukifunguliwa na kupangwa upya kwa mnunuzi wa kati, hufungwa lebo ya pili. Utaratibu huu umewapa watu wa Kisengo na Manono riziki halali, nami siudharau. Hata hivyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zaidi ya moja jinsi lebo zilivyouzwa kwa siri na kufungwa kwenye madini yaliyotoka pengine kabisa.

Wapo wasemao kwamba lebo ya redio ingeyaondoa hayo. Mimi sikubali. Ni kweli nambari yake ni ngumu zaidi kughushi, na mashine huandika saa na mahali pasipo kumsubiri karani. Lakini lebo huujua mfuko, haiyajui mawe yaliyomo. Mtumishi asiyelipwa mshahara kwa miezi, akifunga lebo ya redio kwenye mfuko uliovushwa usiku, atakuwa ameupa uongo huo nguvu kubwa kuliko iliyokuwa ya plastiki, kwa sababu mnunuzi wa mbali ataiamini mashine zaidi ya alivyoliamini daftari. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwa mtumishi aliyesimama penye mdomo wa shimo.

Barabarani vyombo vya jamii hii vinafaa bila ubishi. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda tangu mwaka 2017 zinaendesha pamoja utaratibu wa lakiri za elektroniki, ambazo hufungwa kwenye kontena la mizigo ipitayo na kutoa taarifa likifunguliwa au gari likiiacha njia yake. Mchukuzi wa Lubumbashi anayepoteza siku Kasumbalesa, na mali yake ikiwa mawindo ya wezi foleni nzima, anajua faida yake.

Katika maisha ya kila siku nitapita upesi. Pasipoti yetu ya kibayometria ina chipu ya namna hii. Ng'ombe wa Botswana walimezeshwa vidonge vyenye lebo ili nyama yao ikubaliwe Ulaya. Na Kenya ilipokea mwaka 2013 chipu elfu moja za kutiwa katika pembe za vifaru, ili pembe ikikamatwa ijulikane ya mnyama gani. Kuna na somo la kadi ya nauli ya BebaPay, iliyoletwa katika magari ya Nairobi mwaka huo huo wa 2013 na kufungwa mwaka 2015: kadi ilisomeka vema, ila makondakta waliozoea fedha taslimu hawakuona hesabu ile inawafaa nini.

Somo hilo nalileta hapa kwetu. Katika soko la Musompo, karibu na Kolwezi, malalamiko ya wachimbaji tangu zamani ni juu ya mizani na vipimo vya wanunuzi, ambavyo mwenye mfuko hana njia ya kuvihakiki. Napendekeza basi kwamba lebo itakayochaguliwa iwe ya megahezi 13.56, ambayo simu nyingi za siku hizi huweza kuisoma, na kwamba uzito na ubora viandikwe humo mbele ya mchimbaji, naye avisome kwa simu yake au ya chama chake kabla mfuko haujaondoka. Kadhalika, gharama za mashine na mafunzo zitozwe kwa asafirishaye nje, wala zisikatwe katika bei anayolipwa aliyechimba.