Kuziba Matundu ya Watafuta Madini

Mwaka 1931 dhahabu ilipovumbuliwa Kakamega, wageni wengi walimiminika huko, wakapiga vigingi katika mashamba, wakachimba mashimo na mitaro. Mwaka 1932 Serikali ya wakati huo ikaibadili sheria ya ardhi ya wenyeji iliyotungwa mwaka 1930, hata nchi ya mwenyeji ikaweza kutwaliwa kwa ajili ya madini bila ya nchi nyingine kutolewa badala yake. Si ajabu, basi, mwenye shamba akiona kigingi cha mtafuta madini auliza kwanza: “Shamba hili litarudi likiwa katika hali gani?”

Swali hilo ni la haki. Siku hizi mtafuta madini hutumia mashine itoboayo ardhi hata mita mia na zaidi, ili kuleta juu mawe ya kupimwa. Tundu lenyewe ni jembamba. Mara nyingi upana wake haufiki sentimita 15. Kwa hiyo wako wanaoliona kuwa jambo dogo, wakalifunika kwa jiwe au tawi, wakaenda zao.

Hilo ni kosa kubwa. Chini ya shamba maji hukaa kwa tabaka, na udongo ulio juu yake huyachuja. Tundu lililoachwa wazi ni kama mfereji uliosimama: mvua ikinyesha, samadi, mafuta ya mashine na uchafu mwingine huteremka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya chini. Watu wengi wa Kakamega huteka maji ya chemchemi, na chemchemi hutoka katika ardhi iyo hiyo. Tena mguu wa ndama waweza kuzama humo ukavunjika.

Kuziba kuna namna yake. Kumwaga udongo kutoka juu hakufai, kwa kuwa hukwama katikati na kuacha uwazi chini, na baada ya mvua kubwa tundu hufunguka tena. Fundi mwema huteremsha bomba hadi chini kabisa, akapitisha uji wa simiti, au wa ule udongo wa mfinyanzi ufurao upatapo maji, huku akilivuta bomba kidogo kidogo kadiri tundu linavyojaa. Bomba la chuma lililobaki mdomoni hukatwa chini ya kina cha jembe, na sehemu ya juu hujazwa udongo, ili mkulima asigonge chuma wala simiti. Mahali pa kila tundu huandikwa.

Shamba nalo lina haki yake. Kabla ya kazi kuanza, udongo wa juu wenye rutuba hutengwa peke yake. Kazi ikiisha, shimo la matope ya mashine hukaushwa na takataka huondolewa. Udongo wa chini hurudi kwanza, na ule wa juu mwisho. Mahali palipokandamizwa na magari hulimwa kwa kina, ndipo nyasi zipandwe.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 yaamuru ya kuwa, baada ya kutafuta au kuchimba madini, ardhi irudishwe katika hali yake ya kwanza, au hali iliyo karibu nayo iwezekanavyo. Tena humtaka aombaye leseni aweke dhamana ya fedha ya kutosha kazi hiyo, ili gharama zisimwangukie mwenye shamba.

Lakini sheria haina macho ya kutembea shambani. Yafaa mwenye shamba ahesabu matundu siku yanapotobolewa, na mashine zikiwa zingali pale ayakague moja moja pamoja na msimamizi na wazee wa kijiji. Asitie sahihi karatasi ya kumaliza kazi kabla ya kuona kila tundu limezibwa. Mashine zikisha kuondoka, kuzirudisha ni taabu. Na tundu ambalo lingezibwa kwa kazi ya siku moja laweza kuharibu maji ya kijiji kizima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.