Barua za Ofisi kwa Programu Huria: Thunderbird na Seva ya Exchange



Asubuhi moja, katika ofisi ya mradi niliyofanyia kazi mjini Kilifi, stima ilipotea na intaneti ikaenda nayo. Orodha ya majina tuliyoihitaji uwanjani ilikuwa ndani ya barua pepe, na barua zote tulizisomea kwenye kivinjari. Laptopu ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini ndani yake hamkuwa na barua hata moja. Ndipo nilipoigeukia Thunderbird.

Hii ni programu huria ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Hailipiwi, na inaweza kuweka nakala za barua kwenye kompyuta yako. Ukiwa njiani kwenda Marafa unasoma, unajibu, unahifadhi. Ukipata mtandao unayatuma majibu yote kwa mpigo. Bando haliliwi na ukurasa unaofunguliwa upya kila mara.

Kikwazo ni seva. Ofisi nyingi hutumia Exchange ya Microsoft, ambayo ina lugha yake. Inaifahamu pia IMAP, lugha ya wote, ila kwenye seva iliyofungwa ofisini huduma hiyo huwa imezimwa mpaka fundi aiwashe. Kwa hiyo muulizeni fundi wenu swali mahususi: je, IMAP imewashwa kwenye lango 993, na kutuma kunapitia 587?

Wenye akaunti za Microsoft 365 wanakwama mahali pengine. Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima njia ya kuingia kwa nywila tupu. Nimewaona watu wakiandika nywila sahihi mara kumi, kisha wakaifuta programu kwa hasira. Nywila haina kosa. Kwenye mipangilio, mahali pa njia ya uthibitisho, chagueni OAuth2. Litafunguka dirisha la Microsoft yenyewe. Likidai idhini ya msimamizi, hapo hamna ujanja, idhini iombwe.

Kalenda ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa IMAP hubeba barua tu. DavMail, nayo huria, hukaa katikati kama mkalimani: Thunderbird inazungumza nayo kwa lugha ya wote, nayo inazungumza na Exchange kwa EWS, lugha ya Exchange yenyewe. Lakini Microsoft imetangaza kwamba itaanza kuifunga EWS kwenye wingu lake Oktoba 2026, basi kabla ya kuitegemea, ulizeni kama seva yenu iko ofisini au kwenye wingu hilo.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaoshika barua za wagonjwa au wanafunzi. Nakala iliyo kwenye laptopu huibwa pamoja na laptopu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai tuzilinde habari za watu, kwa hiyo diski nzima isimbwe kwanza, barua zishushwe baadaye.

Baada ya chai tutaunganisha akaunti ya majaribio, kisha tuzime waifai tuone kilichobaki mkononi.