Maeneo ya Wazi ni Amana ya Watu Wote
(Mawaidha yaliyotolewa kwa waumini wa Madaba, Songea)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Madaba yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Njombe kutoka Songea, na miji ya barabarani hukua upesi. Tunapozungumzia bustani na viwanja vya umma, asidhani mtu kuwa hayo ni mambo ya Dar es Salaam peke yake. Mji ukishabanana, nafasi haipatikani tena ila kwa kubomoa.

Tuzingatie yaliyotokea Nairobi. Mwaka 1989 lilikusudiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyo katikati ya mji ule. Profesa Wangari Maathai alipinga kwa barua, akaenda mahakamani na shauri lake likatupwa, akakejeliwa hata Bungeni. Hakunyamaza, na mwishowe mradi ule ukaachwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Leo bustani ile ipo, na wakazi wa Nairobi hutembea chini ya miti ya Karura. Vimebaki kwa sababu wapo waliokubali kuudhiwa kwa ajili yake.

Sisi Waislamu tuna hoja ya ziada. Mtume (S.A.W.) alikataza kujisaidia katika kivuli wanachopumzikia watu. Ikiwa kukichafua kivuli cha watu ni haramu, itakuwaje kukipora? Naye ameonya kuwa mwenye kudhulumu hata shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Hapa tujitazame na sisi wenyewe. Wapo wanaoona kuwa uwanja wa wazi ukijengwa msikiti au madrasa, basi hapana dhulma. Hasha! Mtume alipofika Madina, mahali alipotaka kujenga msikiti palikuwa mali ya mayatima wawili. Walitaka kumpa bure, naye hakukubali ila kwa kulipa thamani yake. Ikiwa haki ya mayatima wawili ilichungwa hivyo, haki ya mji mzima haiwi nyepesi kwa sababu mporaji ameshika msahafu.

Nchi yetu inayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Basi tuhudhurie mikutano ya mtaa na kijiji, tuulize ramani inaonesha nini, tuone alama za mipaka kwa macho yetu, na tupande miti pembezoni, kwani mti anaoupanda Muislamu, akala humo ndege au mtu, ni sadaka kwake. Na ajapo mwenye fedha kutaka uwanja wa watoto, asitukute kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.

Wabillahi tawfiq.