Kumlilia Shujaa wa Utoto Wetu



Tarehe 15 Februari 2024 alifariki dunia jijini Nairobi mkimbiaji Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, akiwa na umri wa miaka 72. Wengi wetu tulihuzunika kana kwamba tumefiwa na ndugu wa damu. Vijana wakatushangaa: mnamliliaje mtu ambaye hamkuwahi hata kumpa mkono? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1978 tulimfahamu kwa njia ya redio. Katika siku 81 tu, tangu tarehe 8 Aprili hadi 27 Juni, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000 kule Berkeley, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kule Seattle, mita 10,000 kule Vienna, na mita 3,000 kule Oslo. Mwaka huohuo akatwaa medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Mtoto aliyetumwa dukani alikwenda mbio akijiita Rono. Aliyechunga mbuzi aliruka mifereji akijiita Rono. Kijana wa kijijini alikuwa ameushinda ulimwengu. Basi hata sisi hatukuzaliwa bure. Mtu wa namna hiyo akifa, tunahisi kwamba asubuhi ya maisha yetu imezikwa pamoja naye. Machozi hayo si ya aibu. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro.

Lakini, ndugu wapendwa, tunamlilia Rono yupi? Ni rahisi kumlilia Rono wa zile siku 81 na kumfungia mlango Rono wa miaka iliyofuata. Mwanariadha huyu hakukimbia katika Olimpiki hata mara moja. Mwaka 1976 Kenya ilisusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 ikasusia ile ya Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Urusi kuingia Afghanistan. Mlango ulifungwa mbele yake kwa maamuzi yasiyokuwa yake. Kisha pombe ikamshika. Fedha ikamwishia, hata akalala katika makao ya wasio na nyumba huko Marekani, akaosha magari, akabeba mizigo ya wasafiri. Mambo hayo yeye mwenyewe hakuyaficha. Aliyaandika katika kitabu cha maisha yake. Hatimaye akaacha pombe, akawafundisha watoto wenye mahitaji maalumu mjini Albuquerque, na mwaka 2019 akarejea nyumbani.

Safari hiyo ya kurudi nayo ilikuwa mbio, tena mbio ndefu kuliko zote. Hapakuwa na mtu pembeni wa kumpimia muda, wala redio ya kuitangaza. Rekodi zake zote nne zimekwisha kuvunjwa, kwani ndiyo desturi ya rekodi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya washindanao mbio, aliwakumbusha kwamba taji lao ni la kunyauka. Tukimpenda Rono kwa ajili ya rekodi, tumekipenda kitu kilichokwisha nyauka. Tukimpenda kwa kuwa ni mtu, aliyeshinda, akaanguka, akainuka, pendo letu limeanza kufanana na pendo la Mungu.

Nanyi makatekista mwajua: karibu kila kigango kina mtu aliyesifiwa zamani. Huyu alikuwa mlinda mlango wa timu ya wilaya, yule mwalimu wa kwaya. Leo hupita njiani akiyumba, na watoto humcheka. Kumlilia siku ya mazishi hakuna gharama, maana maiti haombi kitu. Tumtembelee angali hai. Tumwite kwa jina lake la ubatizo, si kwa jina la ulevi wake. Na yule aliyemaliza mwezi mmoja bila kunywa, tumpongeze kwa furaha ileile tuliyokuwa nayo mbele ya redio mwaka 1978.

Na wewe unayetusikiliza asubuhi hii huku chupa imefichwa chini ya kitanda, usijifungie. Rono alianguka kutoka juu sana, mbele ya macho ya dunia nzima, naye aliinuka. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie leo, kabla jua halijatua.

Tumwombee marehemu Henry apumzike kwa amani, na wote ambao bado wanaikimbia mbio ile isiyotangazwa na mtu. Tunawatakia Dominika njema. Amina.